Anwani Yenye Jina Langu

Anwani ya kwanza ya mama yangu kwenye mtandao ilikuwa na tarakimu nyingi kuliko namba ya injini ya lori. Mkwaju, ule mstari wa kulala upande, namba, alama ya kuuliza, namba tena, halafu herufi moja imebaki mwishoni haijulikani inatafuta nini. Mama alitaka nimsomee. Nikamsomea yote, kwa madaha. Alikuwa anapepeta mchele wa vitumbua, akatua ungo mapajani, akauliza, "Sasa huyo anayekuja ataikumbuka vipi yote hiyo?"

Nikamcheka. Miaka ile nilikuwa hodari wa kucheka watu wasiojua kompyuta.

Ilikuwa miaka ya tisini inaishia. Ruksa ya kila mtu kufanya biashara tulishaizoea: kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikuwa amekigeuza duka, na kila mwenye duka alikuwa ameandika mlangoni kwamba anauza na kitu kingine tena. Bosi wangu, mwanamke wa bara aliyekuwa mwalimu wa sekondari kabla ya kuacha chaki, alifungua ofisi ya kompyuta pale Mwenge, ng'ambo ya wachonga vinyago. Alianza na kuchapa barua za maombi ya kazi na kutoa fotokopi. Baadaye akaingiza intaneti kwa waya wa simu. Mtambo ukianza kuunganisha unalia mlio wa kukwaruza bati, wateja wanaziba masikio, kisha kimya, na hapo mie nasimama nyuma ya mteja na kumwambia, "Haya, sasa uko duniani."

Nilijiona mtu. Elimu yangu ilikuwa kidato cha nne na kozi ya miezi michache, basi, lakini kwa Mwananyamala ya wakati huo ilitosha kunipa kiburi. Jioni nikirudi nilikuwaga naanza stori tokea kibarazani: leo nimesoma gazeti la Japani, leo nimemwandikia mzungu akanijibu kabla chai haijapoa. Majirani walinisikiliza kwa subira ambayo sikuistahili.

Mama alikuwa mjane, akiuza vitumbua asubuhi karibu na hospitali. Wauguzi, wagonjwa, ndugu wa wagonjwa, wote walimjua, na wote walimwita kwa jina langu. Ndivyo ilivyo kwetu. Mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa sandukuni pamoja na nguo za arusi; kuanzia hapo ni Mama Fulani, na Fulani ni mtoto wake wa kwanza. Fulani ndiye mie. Kumwita mtu mzima jina lake tupu ni kumvunjia heshima, hata balozi wa nyumba kumi hathubutu. Kwa hiyo nimekua nikisikia jina langu likiitwa mtaani kutwa, na mara nyingi si mie ninayeitwa. Mtu akilelewa hivyo, kichwa lazima kivimbe kidogo.

Mama alikuwa na ndugu mmoja tu, dada yake mkubwa, ambaye kwangu ni mama mkubwa. Huyo aliolewa akapelekwa Maskati wakati mama mwenyewe bado mwari, yuko nyumbani kwa babu kule Ilala. Barua zilikuja mbili tatu, zikakatika. Mama naye akaolewa, akahamia Kinondoni upande wetu huku. Babu alipofariki warithi wakaiuza nyumba, na aliyeinunua akaivunja, akapandisha ghorofa la maduka. Kama barua ziliendelea kuja, basi zilifika kwa wauza redio.

Hakuwa msemaji wa habari hizo. Ila kila Idi, akishamaliza kugawa sahani za majirani, alikuwa anatenga sahani moja ya pilau, anaifunika kawa, anaiacha mpaka alasiri ndipo anaitoa sadaka. Sie watoto tulijua si ya kuguswa. Hatukuuliza ni ya nani.

Sasa siku moja kwenye arusi ya jirani akaja mama mmoja mgeni kutoka Uarabuni. Njia ilishafunguka siku hizo, watu walikuwa wanarudi kusalimia kwao na mabegi makubwa. Wakakaa jamvi moja na mama, na katika kuulizana ya nani na nani ikatokea kwamba yule mama aliwahi kukutana na mama mkubwa msibani, miaka ya nyuma, mji tofauti kabisa na anaoishi huyo mgeni. Hakuwa na simu yake wala hakujua anakaa wapi sasa. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa mzima, ila sukari inamsumbua, na kwamba alikuwa anamuuliza kila mtu wa Dar habari za mdogo wake. "Ana binti anafanya kazi ofisini kwenye kompyuta," akasema. "Alisema ipo siku atamtafuta mdogo wake humo humo."

Mama alirudi kutoka arusini kabla ngoma haijakolea. Akanikuta barazani, hakuvua hata buibui. "Hiyo kompyuta yenu," akasema, "mtu wa Maskati akinitafuta humo ataniona?"

"Mama," nikamjibu, "wewe niachie mie. Dada yako atakuja mpaka mlangoni."

Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Kulikuwa na kampuni moja ya nje inayogawa nafasi ya bure kwa mtu yeyote atakaye kuweka kurasa zake. Nikachukua. Nikawa naandika habari za nyumbani, ukurasa mmoja kila nikipata wasaa: vitumbua vya mama, mvua iliyoingia mpaka jikoni, ugomvi wa foleni bombani, mgeni akija bila taarifa anapikiwa nini. Siku hizi mngeiita blogu. Sie tuliiita kurasa tu. Na anwani zake ndizo hizo nilizowaambia, namba tupu, kila ukurasa na mlolongo wake.

Swali la mama kwenye ungo lilinikera, maana lilikuwa swali zuri. Nikaanza kusoma kurasa za wajuzi wa mambo hayo, Kiingereza chao nikikivuta kwa kamusi. Nikajifunza kwamba mtambo wa kutafutia unatazama na anwani. Ukikuta namba tupu haupati la kushika. Ukikuta maneno, unayashika, na siku mtu akiyaandika maneno hayo unamleta. Basi anwani iwe maneno. Yawe machache, herufi ndogo zote, na kati ya neno na neno uweke kistari, maana ukiacha nafasi inavurugika. Na ukishaiweka usiibadilishe ovyo, kwa sababu anayekujua kwa anwani ya zamani atabisha hodi mahali ambapo hapana nyumba. Lakini kanuni kuu, ambayo wajuzi wote waliirudia mpaka ikanichosha, ilikuwa hii: jiulize anayekutafuta ataandika neno gani.

Nilijiuliza. Wallahi nilijiuliza. Na jibu lilikuja upesi mno. Nilijiwazia mgeni anashuka kituoni Mwananyamala anamuulizia mama yangu. Anaulizaje? Anauliza kwa Mama Fulani ni wapi, na mtu wa kwanza anamnyooshea kidole. Kuna njia nyingine gani? Jina lake la kwenye kadi ya kliniki nilikuwa nalijua, lakini kuliandika mahali ambapo wanaume wa dunia nzima wanasoma niliona ni utovu wa adabu. Basi nikabadilisha anwani zote. Mama-fulani-vitumbua. Mama-fulani-mvua. Mama-fulani-mwananyamala. Wajuzi walisema neno muhimu lirudiwe, nami nikalirudia. Hakukuwa na ukurasa ambao jina langu halikuwemo mlangoni.

Na ikafanya kazi, ndicho kilichoniponza. Baada ya muda ukiandika Mama Fulani wa Mwananyamala sie tunatokea wa kwanza. Nikawaita wenzangu waone. Nikamwita bosi. Wageni wakaanza kuingia na kuacha salamu: mwanafunzi wa kwetu yuko Ulaya anavililia vitumbua, mzungu anajifunza Kiswahili, kijana wa Mombasa anabisha kwamba vya kwao vitamu zaidi. Wote wananitaja kwa jina. Nikawa natembea pale Mwenge kifua mbele, namsalimia mpaka mtu nisiyemjua.

Mama yeye alikuwa na swali moja, kila Ijumaa nikirudi. "Kaingia?"

"Bado, mama."

"Haya."

Alikuwa anasema kaingia, na mie nilikuwa nasahihisha. Nilimweleza kwamba haingii mtu, ni umeme tu unapita kwenye waya. Akanisikiliza mpaka mwisho, na Ijumaa iliyofuata akauliza vile vile. Kipindi hicho hicho alikitia chokaa chumba cha uani. Akashona upya mto wa sufi, akatafuta chandarua kisicho na tundu. Nilimuuliza chumba cha nini, akasema chumba hakikai kichafu. Nikaona ni mambo ya wanawake, nikaenda zangu kuongea habari za kompyuta.

Miezi ikapita, Mfungo ukaja, ukaisha, sahani ya Idi ikakaa chini ya kawa mpaka alasiri na kutolewa. Halafu, wiki kadhaa baada ya Idi, Ijumaa moja mama akaja ofisini mwenyewe. Alikuwa hajawahi kufika. Nikamwona mlangoni na buibui lake na bakuli la vitumbua limefungwa kwa kitambaa, na nakiri nilichofikiria kwanza ni kwamba wateja wasije wakadhani ni mwuza vitumbua amekuja kuuza. Bosi akainuka. "Shikamoo mama," akasema, akampa kiti chake mwenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuiona hiyo anwani."

Nikafurahi, maana nilipata hadhira. Ofisi ilijaa siku hiyo. Nikamwambia, "Mama, angalia," nikaandika, tukasubiri, na haoo, sie wa kwanza. Mama alijifunza kusoma kisomo cha watu wazima, alikuwa anasoma polepole na kidole. Akakiweka kidole kwenye kioo, akaisoma anwani kwa sauti. Mama. Akavuka kistari. Akasoma jina langu.

"Huyu ni mie?" akauliza.

"Ni wewe, mama. Nani mwingine?"

Akakitoa kidole kwenye kioo. Akaniuliza bila ukali wowote, namna anavyomuuliza mtu kama chumvi ipo: "Na dada anakujua wewe?"

Sikuelewa. Akaendelea, "Dada kaondoka mie sijaolewa. Hajui nimezaa au sijazaa. Huyu Mama Fulani atamjulia wapi?"

Aliyekuwa anachapa aliacha kuchapa. Mama mkubwa hakujua kwamba nipo duniani, na mie nilikuwa nimemwekea mama yangu anwani yenye jina langu mara nyingi kadiri nilivyoweza kulipachika, halafu nikakaa kusubiri sifa. Ni bosi aliyechutama kando ya kiti, akauliza, "Mama, yeye dada yako alikuwa anakuitaje?"

Mama akajiziba mdomo kwa upindo wa buibui. Akatazama kulia na kushoto. Kisha akalitamka, kwa sauti ndogo, jina la nyumbani, la kubembelezea mtoto, alilopewa na bibi yake. Hapa sitaliandika. Lakini lilikuwa jina zuri, na mie nilikuwa silijui. Si lile la kwenye kadi, wala halifanani nalo. Nimekula mkononi mwa mwanamke yule maisha yangu yote, nikaandika kurasa chungu nzima juu ya mikono yake, na jina aliloitwa nalo akiwa mtoto nalisikia pamoja na wateja waliokuja kutoa fotokopi.

Bosi akanitazama. "Ulikuwa hulijui?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na nasema hivyo nikijua kila mtu husema hivyo. Nikajitetea kijinga, "Mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, baba," akasema. "Nilidhani unajua unachofanya."

Akafungua bakuli, akawagawia watu vitumbua.

Nilivunja kila kitu. Zile anwani nilizoringia nikaziondoa, na ile nafasi ya kwanza ikaenda nazo. Nikamuuliza mama kama ataridhia jina lile liwekwe mbele za watu. Akafikiri tukiwa njiani mpaka tukafika nyumbani, kisha akasema, "Liandike. Walioniita hivyo wameshakwenda wote, kabaki yeye." Safari hii nilikaa mkekani na kuuliza, na yeye akajibu. Jina lake la nyumbani. Binti wa nani. Ilala. Na babu alikuwa fundi makubazi, kila mtu wa mtaa ule alimjua kwa viatu vyake, kwa hiyo makubazi nayo tukayatia, maana alisema dada hawezi kuisahau harufu ya ile ngozi. Maneno ya ukurasa wenyewe aliyasema yeye, nami nikayaandika bila kupamba: Dada, mie nipo. Niko Mwananyamala, nyuma ya hospitali. Chumba kipo. Chini nikaweka simu ya ofisi.

Kisha tukangoja. Ijumaa alikuwa haulizi tena, na kutokuuliza kwake kulinichoma kuliko kuulizwa. Nilikuwa narudi nyumbani kimya kimya, stori za Japani zimeniisha.

Simu ikaja mchana mmoja wateja wamejaa. Nikaipokea. Sauti ya mwanamke, Kiswahili chake safi lakini kimekaa sana ugenini, ikaniuliza kama hapo ndipo anapopatikana fulani binti fulani, wa makubazi, na akalitaja lile jina la nyumbani. Nikamwambia mie ni mwanawe. Tukalia wote wawili kwenye simu, watu wasiojuana. Ndiye yule binti wa mama mkubwa.

Tulipotulia akaniambia, "Tulikuja huko, unajua?"

"Mlikuja wapi?"

"Dar. Baada ya Idi iliyopita. Kabla hatujaondoka nilitafuta jina la mama mdogo kazini, siku baada ya siku, sikupata hata harufu. Mama akasema twende hivyo hivyo. Tukafikia kwa shemeji zangu, Mbweni. Mama akatupeleka Ilala kwenye nyumba yao ya zamani, tukakuta maduka. Kaingia duka kwa duka anauliza, mpaka wenye maduka wakamchoka. Tukarudi zetu. Sasa hasafiri tena, kaka. Sukari imemchukua mguu, na madaktari wamekataa apande ndege."

Baada ya Idi iliyopita. Wakati ule chumba cha uani kilikuwa bado cheupe kwa chokaa. Wakati ule ndio ukiandika Mama Fulani tulikuwa tunatokea wa kwanza.

Tukakubaliana apige kesho yake alasiri ili dada na mdogo wake waongee. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama kwamba dada kapatikana, yu hai, anampigia kesho. Akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Habari ya Mbweni sikumwambia. Nilijidanganya kwamba namhurumia, kumbe nilikuwa najihurumia mwenyewe.

Kesho yake akaja amevaa kanga mpya chini ya buibui, kana kwamba simu inaona. Bosi alifunga mlango, akawaambia wateja warudi baadaye. Simu ilipoita nikampa mama mkono wa simu, akaushika kwa mikono miwili. Sauti ya huko ilikuwa kubwa, ya mtu mzima asiyeamini simu, nasi sote tuliisikia ikimwita lile jina.

"Abee," mama akaitika.

Sikuwahi kumsikia mama yangu akiitika abee. Nyumbani kwetu anayeita ni yeye, sie ndio tunaoitika. Aliitika kitoto, upesi, akainuka kabisa kwenye kiti kama mtu aliyeitwa jikoni na mkubwa wake, na aliendelea kusimama hivyo muda wote wa maongezi. Bosi akatoka nje. Nami ilinipasa nitoke, lakini miguu haikunipeleka. Walicheka, walilia, walitaja marehemu mmoja mmoja na kuwarehemu. Kisha mama akawa anasikiliza tu, kwa muda mrefu. Mwishoni akasema neno moja. "Mbweni?" Hakunitazama. Alikuwa anatazama meza.

Wakaendelea kuongea kwa simu miaka iliyobaki, mpaka mama mkubwa alipofariki. Habari za pasi ya kusafiria tulizizungumza sana na hazikufika popote. Hawakuonana.

Lakini siku ile tulifunga ofisi tukaenda kituoni, mie nyuma, yeye mbele, tukapita kati ya wachonga vinyago na vumbi lao la mbao. Nilingoja anigombeze. Laiti angenigombeza. Kituoni akasimama, akatengeneza buibui.

"Mbweni ni mbali, baba?"

"Si mbali sana, mama."

"Kutoka kwetu?"

"Mabasi mawili. Halafu unatembea kidogo."

Akatikisa kichwa polepole, akitazama upande ambao mabasi ya huko yalikuwa yanaelekea.

"Ningekwenda hata kwa miguu," akasema.